Bunduki za plastiki, namba za kiwandani na mwizi asiyeogopa

Jamaa yangu mmoja anayetengeneza filamu Sinza, Dar es Salaam, aliibiwa bunduki tatu ambazo hazijawahi kuua hata njiwa. Zilikuwa ndani ya begi, begi likiwa ndani ya buti la gari, na gari likiwa limeegeshwa Kinondoni nje ya nyumba ambamo yeye na wenzake walikuwa wakipiga picha tangu alfajiri. Zilikuwa bunduki za easofti, yaani zile za mchezo zinazorusha gololi ndogo za plastiki kwa nguvu ya hewa, ambazo kwa macho ya mtu aliyesimama hatua kumi hazina tofauti na za askari. Alikuwa amewajulisha polisi wa eneo lile kabla ya siku ya kazi, na ofisi ya serikali ya mtaa ilikuwa na barua yake, kwa hiyo alipokwenda kituoni kuchukua RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yake kwa polisi, hakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulianza alipoulizwa swali la kawaida kabisa: namba zake ni zipi? Akafungua simu na kutafuta picha alizopiga siku aliyozinunua, maana ni mtu makini. Namba ilisomeka vizuri ubavuni mwa bunduki ya kwanza. Ikasomeka vizuri vilevile kwenye ya pili, na ya tatu. Zilifanana tarakimu kwa tarakimu.

Kosa halikuwa lake. Viwanda vingi vya bunduki za aina hii huweka namba kama pambo, kwa sababu bunduki halisi inayoigwa ina namba mahali pale, na mnunuzi anataka mfanano ukamilike. Kwa hiyo toleo zima linaweza kutoka kiwandani likiwa na namba ileile moja, kama vile fulana zote za mchezaji mashuhuri zinavyokuwa na namba moja mgongoni. Wapo watengenezaji wanaotoa namba tofauti kwa kila bunduki, lakini mnunuzi hawezi kujua kwa kutazama bunduki moja. Atajua atakapoziweka mbili pamoja, na wengi wetu hatununui mbili.

Tangu siku ile nimesikia ushauri mwingi ukitolewa kwa jamaa yangu. Mmoja alimwambia achonge jina lake kwenye kila bunduki, mwingine akamshauri afiche kifaa cha ufuatiliaji ndani ya kitako, na wa tatu akasema serikali ianzishe daftari la kuzisajili. Ushauri wote huo umesimama juu ya imani moja, kwamba mwizi akijua kitu kinaweza kufuatiliwa atakiacha. Ningependa kuipima imani hiyo, kwa sababu naiona ikitugharimu pesa na kutupa utulivu ambao hatujaupata kwa haki. Kwa maoni yangu alama na ufuatiliaji, kwa namna tunavyovitumia sasa, havimtishi mwizi ambaye jamii inapaswa kumhofia zaidi. Vina kazi nyingine, na nitaifikia.

Kwanza tuelewe kilichoibwa. Mchezo wa easofti ulianzia Japani katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo sheria yake ya mwaka 1958 ya kudhibiti bunduki na panga inamnyima raia wa kawaida nafasi ya kumiliki bastola. Watu waliopenda sura ya silaha wakatengenezewa sura bila silaha. Kampuni ya Tokyo Marui ilipoleta bunduki ya umeme mwaka 1991, mchezo ukapata umbo lake la leo: betri inazungusha mota, mota inavuta pistoni, pistoni ikiachiwa inasukuma hewa, na hewa inaifyatua gololi ya milimita 6 yenye uzito wa takriban gramu 0.2. Japani iliweka kikomo cha nguvu mwaka 2006, kiasi kisichofika jouli 1 (jouli ni kipimo cha nishati). Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2017, iliruhusu jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo na jouli 2.5 kwa inayofyatua moja moja. Hizo ni nguvu za kuacha alama nyekundu kwenye ngozi, na za kuharibu jicho lisilo na miwani, jambo ambalo si dogo. Hata hivyo hakuna mtu anayevunja buti la gari Kinondoni kwa ajili ya jouli 1. Kinachoibwa ni sura.

Hapo ndipo mjadala wa kuzuia wizi unapogawanyika, na watu wengi huupita mgawanyiko huo bila kuuona. Kuna mwizi wa kuuza na kuna mwizi wa kutumia. Mwizi wa kuuza anaichukua bunduki ya easofti kama anavyochukua kompyuta mpakato au kamera: ni kitu cha mamia ya dola, kinabebeka, kinafichika, na anatumaini kumpata mtu wa kukinunua. Mwizi wa kutumia hataki pesa ya kitu chenyewe. Anataka kukitoa kwenye mkoba mbele ya wakala wa pesa za simu saa mbili usiku, akinyooshe, na aondoke na droo yote. Kwa huyu wa pili thamani ya bunduki inaishi kwa sekunde 30, na baada ya hapo anaweza kuitupa katika Mto Msimbazi bila majuto.

Mwizi wa kutumia hana sababu yoyote ya kuiogopa alama. Hatamwonyesha mnunuzi, hatajaza fomu, hatapeleka kwa fundi. Anakwenda kutenda kosa ambalo Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 287A kinachohusu unyang'anyi wa kutumia silaha, inalipangia kifungo kisichopungua miaka 30. Mtu aliyekwisha kuuweka moyo wake tayari kwa hatari ya miaka 30 hatarudishwa nyuma na mkwaruzo wa jina la mtu kwenye plastiki. Wataalamu wa adhabu wamelisema hilo kwa namna nyingi tangu mwanafikra wa Kitaliano Cesare Beccaria alipoandika mwaka 1764 kwamba uhakika wa adhabu hurudisha watu nyuma kuliko ukali wake. Sisi tumelisema kwa kifupi zaidi, za mwizi arobaini, ingawa ukiitazama vizuri methali hiyo inamfariji aliyeibiwa kuliko inavyomtisha mwizi. Inamwachia siku 39 za kazi.

(Ni haki kusema pia kwamba katika Dar es Salaam silaha ya hofu kwa muda mrefu imekuwa panga. Vijana walioitwa Panya Road hawakuhitaji bastola, ya kweli wala ya plastiki, kuufunga mtaa mzima. Bunduki ya easofti haijawa tatizo kubwa la jiji hili, na sitaki makala haya yasomwe kama kengele ya hatari. Lakini taarifa za polisi kuhusu majambazi waliokamatwa na bastola bandia si ngeni masikioni mwetu, na kitu kinachofanana na bunduki halisi kuliko midoli ya dukani hakiwezi kukosa mteja.)

Tubaki basi na mwizi wa kuuza, kwa sababu huyo ndiye anayeweza, kinadharia, kukatishwa tamaa. Ushahidi unasemaje? Jaribio linalotajwa sana katika fani hii lilifanyika Wales Kusini katika miaka ya 1980 na likaandikwa na mtafiti Gloria Laycock mwaka 1985. Katika mabonde matatu, polisi walipita nyumba kwa nyumba wakigawa bure vifaa vya kuwekea alama mali za ndani, pamoja na stika za kubandika kwenye mlango au dirisha ili mwizi ajue kabla hajavunja. Zaidi ya asilimia 70 ya kaya zilikubali, kiwango ambacho programu za namna hii hazifikii kwa urahisi. Katika mwaka wa kwanza wizi wa kuvunja nyumba kwa kaya zilizoshiriki ulipungua kwa takriban asilimia 40.

Wauzaji wa kalamu za kuwekea alama husimamia hapo. Lakini Laycock mwenyewe aliendelea, na alipozirudia takwimu hizo miaka michache baadaye aliona jambo linalovutia zaidi: wizi ulishuka tena baada ya vyombo vya habari kutangaza kwamba jaribio limefanikiwa. Hakuna aliyechonga alama mpya wiki ile. Kilichoongezeka ni habari. Mwizi wa bonde lile, ambaye huenda alikuwa mmoja wa watu wachache wanaofahamiana kwa majina, alisikia redioni na kwenye baa kwamba mali za eneo lake sasa zina macho, akaamini, na akaacha au akahama. Kazi ilifanywa na imani iliyoenea katika mahali padogo palipojifunga. Sasa ichukue imani hiyo uilete katika mkoa wenye watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, ambako mwizi wa Mbagala hajui na wala hajali nani kaweka stika gani Tegeta, na ambako wamiliki wa bunduki za easofti pengine wangetosha katika daladala moja.

Jaribio la pili linafundisha kinyume chake, na ndiyo maana nalipenda. Nchini Marekani kulikuwa na kifaa kilichoitwa LoJack, redio ndogo iliyofichwa ndani ya gari na ambayo polisi waliweza kuifuata gari likiibwa. Haikuwa na stika dirishani wala taa yoyote ya kumjulisha mwizi. Wachumi Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha mwaka 1998 uchambuzi wao wa miji ambako kifaa hicho kiliingia, wakaonyesha kwamba wizi wa magari ulipungua kwa kila mtu, akiwamo asiyekuwa nacho, kwa sababu mwizi hakuwa na njia ya kujua gari lipi lina mtego. Wakakadiria kwamba aliyelipia kifaa alipata chini ya asilimia 10 ya faida yote kilicholeta. Iliyobaki ilikwenda kwa majirani zake. Zaidi ya hayo, gari lililofuatwa mara nyingi liliwaongoza polisi hadi kwenye karakana za kuchinja magari, yaani kile ambacho hapa tunakiita gereji bubu.

Wales walitangaza, Marekani walificha, na kote wizi ulipungua. Mtu anaweza kuona hapo mgongano, lakini mimi naona kitu kimoja. Katika miji yote hiyo mwizi hakuwa akiogopa alama iliyo juu ya kitu fulani. Alikuwa akiogopa eneo zima, kwa sababu hakuweza kutenganisha kitu salama na kitu cha hatari. Alama ya mtu mmoja mmoja, iliyowekwa na mmiliki mmoja kati ya wengi wasioweka, inamfundisha mwizi jambo moja tu: achukue begi la jirani.

Hatuhitaji kwenda mbali ili kuthibitisha hilo, kwa maana Dar es Salaam imefanya jaribio lake yenyewe kwa miaka mingi, nalo linaitwa vioo vya gari. Kila mwenye gari mjini hapa anajua habari ya kuchonga namba ya usajili kwenye saiti mira, kwenye taa na kwenye vioo vya milango. Nilipopata gari langu la kwanza nilichonga kila kitu kilichochongeka. Fundi alinihakikishia kwamba kibaka akiona namba anageuza njia. Miezi minne baadaye niliacha gari kwa dakika 20 nje ya duka la dawa, nikarudi nikakuta kioo cha kulia kimekwenda na waya zinaning'inia. Fundi mwingine, siku iliyofuata, aliniuzia kioo kilichonikaa sawasawa kwa bei ambayo sikuipinga sana. Jioni, jua lilipokipiga kwa upande, niliona kwa mbali kivuli cha herufi zilizosuguliwa zikasafishwa. Hazikuwa zangu. Kioo changu nacho bila shaka kilikuwa kimesuguliwa mahali fulani na kufungwa kwenye gari la mwenzangu.

Nimesimulia hilo kwa sababu halinipi sifa. Alama ilikuwapo, ikaonekana, ikaeleweka, na haikumzuia mtu yeyote katika mnyororo mzima, nikiwamo mimi mnunuzi ambaye nilikuwa na macho, na nilikuwa mwathirika wa jana yake. Alama ni ujumbe unaoandikwa kwa ajili ya mtu atakayekataa kununua. Asipokuwapo wa kukataa, ujumbe huo hauna msomaji.

Linganisha na kilichotokea usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima. Wale tuliobonyeza *#06# kwa hofu wiki ile tulielewa ghafla kwamba IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kila simu, ambayo hakuna mtu wa kawaida aliyewahi kuijali, ina nguvu ya kuigeuza simu kuwa kipande cha kioo. Ilitoka wapi nguvu hiyo? Haikutoka kwenye namba. Ilitoka kwenye mtandao wa simu, ambao ndio mlango pekee ambao kila simu lazima ipite, na ambao ulipewa amri ya kukataa. Ndiyo sababu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka rejista ya vifaa, ili namba iwe na mlinzi wa mlango. Wizi wa simu haukuisha, kwa kuwa simu inaweza kuvunjwavunjwa na kuuzwa vipuri, na kioo cha simu hakina IMEI. Lakini walau kuna mlango.

Bunduki ya easofti haipiti mlango wowote. Haihitaji laini, haihitaji bima, haiendi kukaguliwa. Betri yake inachajiwa popote na gololi zake zinaagizwa kwa kilo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, ambayo Tanzania iliitia saini, inazitaka nchi kuweka alama kwenye silaha, lakini inaitafsiri bunduki kuwa ni kitu kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko. Hewa iliyosukumwa na pistoni ya plastiki imeachwa nje, na sioni ubaya kwa waandishi wa itifaki hiyo, waliokuwa na AK-47 za vita vya Maziwa Makuu mbele yao.

Wanaotaka daftari la taifa hutaja Uingereza, na inafaa tuangalie Uingereza imesajili nini hasa. Sheria ya mwaka 2006, ambayo vifungu vyake kuhusu bunduki bandia zenye sura halisi vilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 2007, ilizuia kuziuza na kuziingiza nchini isipokuwa kwa watu wenye sababu zinazotambuliwa, wakiwamo wachezaji wa easofti. Wauza maduka wakaanzisha kanzidata yao: mchezaji anacheza angalau mara tatu katika muda usiopungua siku 56 kwenye uwanja unaotambuliwa, kisha anapewa namba ya kununulia. Namba hiyo ni ya mtu. Bunduki haina namba katika kanzidata hiyo. Ikiibwa, kanzidata haiwezi kusema imekwenda wapi, kwa sababu haikuwahi kujua kwamba ipo. Mfumo huo unajibu swali la nani anaruhusiwa kununua mpya, na kwa swali hilo ni mfumo mzuri. Asiyekuwa na namba anauziwa bunduki iliyopakwa rangi kali kama bluu au kijani, ambayo haimtishi hata kuku.

Kuna jambo ambalo wapenda daftari hawalitaji. Sheria inayoufunga mlango wa duka inaongeza thamani ya kilicho ndani ya buti la gari. Anayeitaka sura halisi na hawezi kuipata kwa njia halali anabaki na njia mbili: aipake rangi nyeusi ile ya bluu, au aibe nyeusi iliyokwisha kununuliwa na mwenye haki. Kwa hiyo ulinzi wa aliyenunua unapaswa kupanda kadiri masharti ya kununua yanavyopanda, na sijaona ikisisitizwa hivyo. Rangi nayo ina mipaka yake inayohuzunisha. Marekani imekuwa ikitaka ncha ya rangi ya chungwa kwenye bunduki bandia kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1988, lakini tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 alipigwa risasi na polisi akiwa na bastola ya easofti ambayo ncha yake ya chungwa ilikuwa imeondolewa, akafa siku iliyofuata. Kipande cha plastiki kinachotoka kwa bisibisi kiliachiwa kazi ya kutenganisha mchezo na kifo.

Nigeukie vifaa vya ufuatiliaji, ambavyo ndivyo vinavyopendwa sasa. Apple ilitoa AirTag mwezi Aprili 2021, kisahani kidogo ambacho hakina GPS ndani yake; kinategemea simu za iPhone zinazopita karibu ili kitoe habari ya mahali kilipo. Hapo tayari jiografia inaingia. Ukiwa Masaki, kisahani hicho kitapiga soga na simu kumi kwa dakika. Ukiwa uchochoroni Tandale au Manzese, ambako simu nyingi ni za Android, kinaweza kukaa kimya hadi kesho. Google nao walianza kujenga mtandao wa namna hiyo kwa simu za Android mwaka 2024, na pengine utakuja kubadilisha hesabu hii. Lakini kuna kikwazo kilichowekwa kwa makusudi na kwa sababu njema: ili vifaa hivi visitumiwe kuwanyemelea wanawake, simu humwonya mtu kwamba kuna kifaa kigeni kinachosafiri naye, na tangu mwaka 2023 hata simu za Android zina onyo hilo. Mwizi ni miongoni mwa wanaoonywa. Anafungua kitako, anakitoa kisahani, anakitupa kwenye daladala la Gongo la Mboto, na mmiliki anashinda siku nzima akilifukuza daladala.

Kifaa cha GPS chenye laini ya simu, kama kile kinachofungwa kwenye bodaboda za mkopo, ni habari nyingine. Wamiliki wa bodaboda wanakiamini, na wana sababu, kwa kuwa baadhi ya vifaa hivyo vinaweza hata kuzima injini kutoka mbali. Lakini bodaboda ina betri inayochajiwa kila inapotembea, na inaibwa ili itembee. Bunduki ya easofti inakaa sandukuni wiki tatu ikingoja siku ya kupiga picha. Kifaa kitakuwa kimekufa siku ya pili au ya tano, isipokuwa mwenyewe ana nidhamu ya kukichaji ambayo, nikimtazama jamaa yangu anayesahau hata kuchaji simu, siwezi kuitegemea.

Basi tuache? Hapana, na hapa nafikia kazi ile nyingine. Mahakama zetu zina kanuni kwamba mtu akikutwa na mali iliyoibwa muda mfupi uliopita, na asiwe na maelezo yanayoaminika, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi. Lakini Mahakama ya Rufani imeyarudia masharti yake mara nyingi: mali iwe imekutwa kwa mshtakiwa, iwe imeibwa karibuni, iwe ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka, na ithibitishwe pasipo shaka kuwa ni ya mlalamikaji. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloziua kesi. Mlalamikaji anatakiwa azieleze alama maalumu za mali yake kabla hajaonyeshwa, maana kila mtu anaweza kuitambua televisheni ya inchi 32 akishawekewa mezani. Wakili wa utetezi atauliza, je, hizi si nyingi madukani? Na kwa bunduki ya easofti swali hilo ni kali zaidi, kwa kuwa mlalamikaji akisoma namba ya ubavuni kwa kujiamini, wakili makini ataleta nyingine yenye namba ileile.

Kwa kazi hiyo alama nzuri ni tofauti kabisa na ile ya kutishia. Haifai kuonekana kwa nje, ambako itasuguliwa kama herufi za kioo changu. Inafaa kuwa ndani, mahali ambapo asiyejua hana sababu ya kufungua: chini ya kifuniko cha betri, ndani ya mpini, kwenye ganda la gia. Inafaa kupigwa picha ikiwa wazi, picha ihifadhiwe mbali na simu ambayo nayo inaweza kuibwa, na maelezo yake yaandikwe kwenye RB siku ileile, kabla mtu yeyote hajakamatwa. Uharaka huo una faida ya pili ambayo kwa bunduki za aina hii ni kubwa kuliko kurudishiwa mali. Kituo kikijua ndani ya saa chache kwamba bunduki tatu za plastiki zenye sura ya kweli ziko mikononi mwa watu wasiojulikana, askari anayeitwa usiku kwenye tukio la uporaji anakwenda akiwa na habari hiyo kichwani, na wakala aliyeporwa akieleza umbo na rangi, mtu anaweza kuunganisha. Kama ningeombwa kupendekeza sharti moja kwa wanaoingiza na kutumia vitu hivi nchini, ningependekeza kutoa taarifa ndani ya saa 24 na kuhifadhi ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kabla ya daftari lolote. Buti la gari si stoo, na mwizi wa kuuza na mwizi wa kutumia wote wawili huchelewa mbele ya chuma kwa namna moja.

Jamaa yangu hajazipata bunduki zake. Mwezi uliopita aliagiza nyingine mbili, na nilikuwapo alipozifungua sebuleni, na mke wake akatukumbusha kwa sauti ya mbali kwamba bado kuna ada ya shule. Namba za ubavuni zilifanana tena. Alicheka, akafungua kifuniko cha betri cha ya kwanza, akachukua sindano ya kuchongea, na kwa mwandiko mbaya akaandika ndani yake tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wake wa pili. Kisha akafunga skrubu nne, akaziweka zote mbili kwenye sanduku la chuma la fundi seremala, na akaniuliza kama kule kwangu bado wanachonga namba kwenye vioo.